Shangazi Hataki Kula: Historia Fupi ya Nyoka Anayegoma

Mwaka juzi, kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwezi wa tatu, nyumbani kwangu kulikuwa na mgomo wa kula. Mgomaji hakuwa mtoto wala mgeni. Alikuwa chatu jike, urefu kama mita moja na robo, uzito gramu 1,640, jina lake Shangazi. Nilimpa jina hilo kwa sababu ya tabia yake: anakaa pembeni kimya, anakutazama mpaka unaanza kujieleza mwenyewe.

Nilimrithi kwa rafiki tuliyekaa naye nyumba moja hapa Coventry, ambaye alipata kazi nje. Aliniambia, "Huyu hana taabu. Panya mmoja kila wiki mbili, basi." Na kweli, miaka miwili hakuwa na taabu. Halafu nikahama nyumba, na kuanzia wiki hiyo Shangazi akafunga mdomo.

Tulipogusia habari hii kwenye kipindi mlicheka sana. Mama yangu mpaka leo anaulizwa harusini kama ni kweli mwanawe analala na nyoka. Lakini baadhi yenu mliandika mkiuliza swali la maana: nyoka akikataa kula, unafanyaje? Jibu nitalitoa huko chini. Ila nilipoanza kusoma ili nimsaidie Shangazi, niligundua kwamba swali hili lina historia ya zaidi ya miaka 150, na karibu kila kosa nililofanya mimi sebuleni, kuna mtu mwenye cheo kikubwa alishalifanya kabla yangu. Basi tuanzie huko.

Kwao ni wapi

Shangazi ni chatu wa kifalme. Ndivyo Waingereza wanavyomwita, na hata jina lake la kisayansi, Python regius, lina maana hiyohiyo. Wamarekani wao humwita chatu mpira, kwa sababu akiogopa hakimbilii kuuma. Anajikunja duara, kichwa katikati, anakuwa kama mpira. Si yule chatu wa hadithi za bibi anayemeza mbuzi. Wengi wao hawafiki hata mita mbili.

Nchi yake inaanzia Senegal, inapita Ghana, Togo, Benin na Nigeria, inakwenda mpaka kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kwa hiyo ni jirani yetu wa mbali. Anaishi kwenye nyika na mashamba. Mchana analala ndani ya mashimo ya panya au vichuguu vya mchwa, usiku anatoka kuwinda. Mashimo hayo yana giza, yana joto, yana unyevu, na ni membamba kiasi kwamba mwili unagusa kuta. Kwake hapo ndipo pa salama. Mvua zikikatika na panya wakiadimika, anaweza kukaa miezi bila kula chochote, halafu maisha yanaendelea.

Kule Ouidah, mji wa pwani ya Benin, kuna hekalu la chatu hawa. Watu wanawaheshimu, na hakuna anayewalazimisha kula. Huachwa watoke usiku wakawinde wenyewe, na akiingia nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba humrudisha taratibu. Kwa Waigbo pia, sehemu nyingi, kumuua chatu ni mwiko. Waliosoma riwaya ya Chinua Achebe, Arrow of God, iliyotoka mwaka 1964, watamkumbuka Oduche, kijana aliyemfungia chatu mtakatifu ndani ya sanduku, na fedheha iliyofuata. Nilipoikumbuka sehemu hiyo nikalitazama lile tangi la kioo pale sebuleni kwangu, nikaona haya kidogo.

Blanketi la London

Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London, pale Regent's Park, ilifungua nyumba ya watambaazi, yaani nyoka, mijusi na jamaa zao. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Wakati ule walijua kwamba nyoka wa nchi za joto hawapendi baridi, basi wakawawekea mablanketi. Tatizo ni kwamba nyoka hatengenezi joto mwilini kama sisi. Kumfunika blanketi ni sawa na kuifunika chupa ya maji baridi ukitegemea ichemke. Kuna boa mmoja pale aliyelimeza blanketi lenyewe, akakaa nalo tumboni wiki kadhaa kabla ya kulitapika. Ukiwa na mawazo kwa sababu nyoka wako hali, jua kuna waliopata mawazo kwa sababu wao walikula vitanda.

Kulisha nyoka kukageuka tamasha. Watu walilipa kiingilio waone nyoka wakipewa sungura na ndege hai, mpaka wengine wakaanza kulalamika hadharani kwamba huo ni ukatili. Na nyoka aliyekataa kula mbele ya watu? Huyo alionekana mkaidi, na dawa ya mkaidi ni nguvu.

Mfano unaojulikana zaidi unatoka Marekani. Miaka ya 1920, bustani ya wanyama ya San Diego ilikuwa na chatu mkubwa sana wa Asia aliyeitwa Diablo. Aligoma kula. Wafanyakazi wakawa wanamnyoosha, wanamshika kwa mikono mingi, wanamwingiza mpira mdomoni na kumsukumia nyama ya kusaga. Watu wakaanza kuja kutazama. Wakaja wengi hasa, na siku ya kumlisha Diablo ikawa moja ya vivutio vya bustani. Hebu fikiria: shida yako mwenyewe inawekewa viti vya watazamaji.

Nawasimulia haya bila kujitoa. Wiki ya tisa ya mgomo, muuzaji mmoja wa duka la wanyama aliniambia nimfungue Shangazi mdomo na nimsukumie panya kwa koleo. Nilijaribu, mara moja tu. Nilimshika nyuma ya kichwa, nikamgusa midomo, akajipinda kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Kijino kikang'oka, damu kidogo ikatoka. Nilimrudisha tangini, nikakaa chini jikoni, mikono inatetemeka. Nilikuwa nimemwogopesha kiumbe ambaye siku zote hajawahi kunitishia hata kwa mluzi.

Binti wa Regent's Park

Sasa njoo kwa mtu ambaye natamani tungefundishwa habari zake shuleni. Mwaka 1923 bustani ya London ilimpa usimamizi wa watambaazi Joan Procter, mwanamke aliyekuwa bado kwenye miaka ya ishirini. Aliugua sehemu kubwa ya maisha yake, na alifariki mwaka 1931 akiwa na miaka 34. Kabla ya hapo alishiriki kubuni nyumba mpya ya watambaazi, iliyofunguliwa mwaka 1927. Jengo lenyewe bado limesimama.

Alichokifanya kilikuwa kuuliza swali tofauti. Badala ya "tumlisheje huyu?" aliuliza "huyu anahitaji aishi wapi?" Jengo lake lilitumia umeme kuweka joto tofauti sehemu tofauti. Liliwekwa kioo maalumu cha kupitisha miale ya jua ambayo kioo cha kawaida huizuia. Na taa zilipangwa ziwaangaze wanyama huku upande wa watazamaji ukiwa na giza, kama kwenye matangi ya samaki.

Baadaye sayansi ikamuunga mkono. Mwaka 1944, Raymond Cowles na Charles Bogert walichapisha utafiti wao kuhusu watambaazi wa jangwani huko Marekani. Walionyesha kwamba wanyama hawa hawakai tu wakisubiri joto liwajie. Wanalitafuta wenyewe: wanasogea juani, wanarudi kivulini, na hivyo wanashika kiwango wanachokitaka. Mwondolee nafasi ya kuchagua, umemwondolea uwezo wa kuuendesha mwili wake.

Hapa ndipo mgomo wa kula unapoeleweka. Nyoka humeza windo zima, na tumbo lake linahitaji joto ili kulisaga. Akila kwenye baridi, panya anaweza kuozea tumboni, na nyoka atamtapika au ataugua. Kwa hiyo nyoka anayekataa chakula mahali penye baridi ana akili timamu kuliko anayemlazimisha.

Anaona kwa midomo

Ukimtazama chatu karibu, utaona vitundu mfululizo kwenye mdomo wa juu. Mwaka 1937 G. K. Noble na A. Schmidt walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vitundu hivyo hupokea joto. Mwaka 2010 watafiti wengine wakatambua protini inayofanya kazi hiyo ndani ya neva. Yaani kwa chatu, panya ni umbo, ni harufu, na ni moto mdogo unaotembea gizani. Panya uliyemtoa kwenye friza akayeyuka lakini bado ni wa baridi, kwake huyo ni kitu kama jiwe lenye harufu ya ajabu.

Panya mgeni

Kuanzia miaka ya 1970 chatu wa kifalme walianza kusafirishwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda Marekani na Ulaya. Kumbukumbu za biashara hiyo zinaonyesha zaidi ya milioni 3 tangu mwaka 1975. Wengi walikamatwa porini, au mama alikamatwa akiwa na mayai na watoto wakauzwa baada ya kuanguliwa.

Waliofika wakubwa walijipatia sifa mbaya: ni wazuri, wapole, lakini hawali. Wafugaji waliwapa panya weupe wa maabara, na chatu wakawa wanawatazama tu. Si ajabu. Nyoka aliyeishi nyikani Togo hajawahi kunusa panya mweupe wa maabara. Waliofanikiwa ni wale waliotafuta panya wanaofanana na wa kwao, hasa wale wadogo wa mchangani wenye mkia wa manyoya. Siku hizi kuna mwingine anayefugwa kwa ajili ya chatu wagumu, naye ni wa jamii ya Mastomys.

Hapo nilicheka peke yangu. Mastomys ni nani? Ni panya shamba! Yuleyule anayefukua mbegu za mahindi Tanzania, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi kwa sababu ya hasara anayowaletea wakulima. Jamaa wa mwizi wa shambani kwa babu, huku Ulaya anagandishwa, anafungwa kwenye mfuko, anauzwa kama chakula cha kumbembeleza mgonjwa.

Nilimpigia mama nimweleze. Mama hamtaji nyoka usiku, anamwita "kamba", na ilikuwa saa mbili usiku.

"Huyo kamba wako ulimhamisha lini?"

"Mwezi wa kumi, mama."

"Na huko kwako kuna baridi?"

"Kidogo."

"Mwanangu, mimi nilivyofika nchi hii nilikaa siku nne kwa chai tu. Si kwamba sikuwa na njaa, koo lilifunga. Nyumba inanuka ngeni, kitanda kigeni, watu wananitazama. Sasa na huyo kamba wako, kabla hujamsukumia chakula, jiulize kama ameshafika."

Basi ufanye nini

Nilichofanya, na ambacho daktari wa wanyama aliyezoea watambaazi alikubaliana nacho, ni hiki. Kinahusu chatu wa kifalme. Nyoka wa aina nyingine ana joto lake na chakula chake.

Kwanza, pima. Mpime nyoka uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni, uandike. Shangazi kutoka gramu 1,640 alishuka mpaka 1,530 kwa miezi mitano, karibu asilimia 7. Kwa chatu mzima mwenye afya, hilo ni jambo la kuangalia, lakini si la kukimbiza hospitali usiku. Chatu wa kifalme wamewahi kukaa zaidi ya mwaka bila kula na wakapona. Akipoteza zaidi ya asilimia 10, au ukiona uti wa mgongo umechomoza, nenda kwa daktari. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimsubirie miezi, hana akiba.

Pili, joto. Upande mmoja wa tangi uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 24 hadi 26, achague mwenyewe. Kifaa cha joto lazima kiwe na themostati, la sivyo anaweza kuungua. Na pima sakafuni anapolala. Hili ndilo lililokuwa kosa langu kubwa: kipimajoto changu kilibandikwa juu ya kioo kikisema 31, huku chini, karibu na dirisha la nyumba mpya, ilikuwa 27. Miezi yote ile nilikuwa namlaumu Shangazi kwa ukaidi, kumbe nimemweka kwenye baridi.

Tatu, maficho. Mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, yawe madogo yanayombana. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 60, na uongezeke anapojivua gamba. (Ndiyo, neno lilelile CCM waliloliazima mwaka 2011 kwa siasa zao.) Macho yakiwa na ukungu wa buluu, anakaribia kujivua, na wengi hawali siku hizo. Usimpe, msubiri.

Nne, mwache. Wiki nzima bila kumshika, bila kumwonyesha wageni, bila kugonga kioo. Mimi nilikuwa namtoa kila rafiki aliyekuja kuona nyumba mpya. Viti vya watazamaji, kama San Diego.

Tano, chakula. Panya aliyegandishwa mwyeyushe ndani ya friji, halafu mweke kwenye mfuko ndani ya maji ya moto kiasi, mpaka afike nyuzi kama 38 hadi 40. Usitumie maikrowevu, utajuta. Mfute akauke. Mpe usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa koleo refu, msogeze polepole kama anayetembea. Akikataa kwa nusu saa, mwachie mlangoni mwa maficho uondoke. Asubuhi kama bado yupo, mtupe, usijaribu tena mpaka wiki ipite. Kumpa kila siku kunamchosha na kunamfundisha kuogopa. Panya hai usimwachie kamwe, panya anauma, na nyoka asiye na hamu ya kula anaweza kujeruhiwa vibaya.

Sita, kalenda. Huku kaskazini, chatu wengi wazima hupunguza au huacha kula kati ya mwezi wa 11 na wa 3, msimu wao wa kuzaliana. Madume hasa. Mwili una saa yake, hata kama ulizaliwa Birmingham.

Saba, ugonjwa. Akipumua kwa mdomo wazi, akitoa mapovu, akiwa na ute au usaha mdomoni, akiwa na utitiri, vile vidudu vyeusi vidogo, au akitapika, usisubiri chochote kati ya hivi nilivyovitaja. Mpeleke. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006 hapa Uingereza inamtaka mwenye mnyama atimize mahitaji yake, na nyoka yumo pia.

Na akianza kula, anza na kidogo. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani waliochunguza chatu wa Burma waligundua kwamba chatu aliyefunga huwa kama amefunga duka. Utumbo unasinyaa, viungo vinapunguza kazi. Akishakula, ndani ya siku mbili tatu utumbo hukua karibu mara mbili. Ile ni kazi kubwa. Usimkaribishe kwa karamu.

Alhamisi moja

Nilihamisha tangi kutoka dirishani, nikaweka themostati mpya, nikaongeza ficho la pili, nikafunika kioo pande tatu kwa karatasi nyeusi. Daktari alimkagua mdomo na kusema kile kidonda nilichomsababishia kimepona, ila nisirudie. Nikamwacha wiki mbili. Hakuna mgeni aliyemwona.

Alhamisi moja mwezi wa tatu, saa nne usiku, nilimsogezea panya shamba mdogo, wa moto, kwenye mdomo wa ficho la joto. Ulimi ukatoka, ukarudi. Ukatoka tena. Dakika kama kumi hivi hakuna kilichotokea, mkono umeshaanza kufa ganzi. Halafu, kufumba na kufumbua, koleo likawa tupu.

Nilikaa sakafuni gizani nikimsikiliza, ingawa nyoka anapokula huwezi kusikia kitu. Halafu nikampigia mama, ingawa ilikuwa usiku.

"Mama, kamba amekula."

Akanyamaza kidogo. "Kala nini?"

"Panya shamba."

"Si nilikwambia," akasema. "Haya, na wewe kale ulale."